Kilomita Mia Tano Bila Kupita Sitini

Wanakwaya wenzangu, kila siku ya mazoezi mnaniuliza kulitokea nini, na kila nikianza kueleza mwalimu anagonga kinanda. Basi nimewaandikia. Mambo ya kununua pikipiki, namba na bima siyagusi, maana hayana utamu hata kidogo. Mnachojua tayari kinatosha: mimi Wangari, fundi wa yunifomu za shule, mama mzima wa miaka arobaini na nne, nilitoka kwangu nikitafuta cherehani ya pili nikarudi na pikipiki nyekundu ya spoti. Ni nyembamba, tenki limevimba mbele, na kiti cha nyuma kimeinuka mpaka anayebebwa anamtazama dereva utosini. Mchungaji alipoiona aliuliza ni ya mtoto yupi. Nikamwambia ni yangu, akanyamaza mpaka wakati wa sadaka.

Nakuru hadi Bahati

Niliipeleka kwanza kwa Baba, Bahati. Baba alikuwa fundi na dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la ngano. Shamba lilipogawanywa, yeye alibaki na ekari mbili na sanduku la spana. Miaka miwili iliyopita macho yalianza kumsumbua, daktari akamwambia usukani basi. Aliuza pikapu yake, na tangu siku hiyo amekataa kubebwa na mtu yeyote. Ndugu yangu ana gari zuri, lakini Baba anasema yule kijana anakanyaga klachi kama anaua siafu. Dereva wa matatu naye anaendesha kwa hasira. Kwa hivyo Baba huenda kanisani kwa miguu, anarudi, anakaa barazani.

Shida ni kwamba ana dada mmoja tu aliyebaki, shangazi yangu ninayemwita Tata Njoki, kule Kihoto, Naivasha. Ziwa lilimwingilia nyumbani mpaka jikoni, akahamia chumba cha kukodi upande wa juu, na miguu yake haimruhusu kusafiri. Kila Jumapili hupigiana simu na kugombana ni nani aende kwa mwenzake. Jumapili moja nilikuwa nimeketi hapo, simu iko kwa spika, Tata akasema, "Gitau, unangoja nife ndio uje?" Baba alikata simu akaenda kuangalia ng'ombe ambaye alikuwa ameshamwangalia mara mbili. Iliniuma sana, na nikiri kwamba kiti kile cha nyuma nilikinunua nikimfikiria yeye.

Sasa mjue jambo moja la kwetu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mimi ndiye huyo. Baba akifurahi huniita Maitu, yaani mama yangu. Akikasirika ananiita Wangari. Siku hiyo alizunguka pikipiki mara tatu akasema, "Wangari, washa."

Niliwasha. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

"Bado ni mtoto," akasema. "Imetembea ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Mpaka mia tano usipite sitini. Usikae mwendo mmoja, panda, shuka, panda, shuka. Na usibebe mtu, hata mchungaji. Halafu uje umwage oili ya kwanza hapa, mbele ya macho yangu."

"Na hiyo oili ikikupendeza?"

Aliangalia upande wa Naivasha, ingawa kutoka kwake huoni Naivasha.

"Ikinipendeza utanipeleka kwa Njoki."

Nikamwambia mia moja na themanini zilizobaki nitazimaliza mjini kwa wiki mbili. Akakataa kabisa. Injini haifunzwi kwenye foleni ya Nakuru, alisema. Nizunguke: Subukia, Nyahururu, Ol Kalou, Gilgil, nirudi. Kisha akanivalisha riflekta yake ya zamani, ya manjano, ili malori yanione. Hiyo riflekta ndiyo iliyoniponza.

Bahati hadi Subukia

Huku kwetu pikipiki inayoenda pole pole ina maana moja tu: inatafuta mteja. Ukiongeza na riflekta, umemaliza ushahidi. Sikuwa nimetoka Bahati vizuri kabla ya mikono kuanza kuinuka barabarani. Mama mmoja aliniwekea gunia la viazi mbele ya gurudumu. Mzee wa suti alikimbia nami hatua kama ishirini, akiuliza Subukia ni pesa ngapi, na kwa mwendo wangu aliniweza bila kuhema.

Waendesha boda wenzangu, maana sasa nilikuwa nao kwa lazima, walinipita wote. Mmoja alikuwa amefunga sofa nyuma, na mwenye sofa ameketi juu yake amekunja nne. Alinipungia mkono kwa huruma. Mwingine alirudi kuniuliza kama kuna shida.

"Niaje mathe, mashine imekufa?"

"Haijakufa. Naizoesha."

"Unaizoesha nini?"

"Barabara."

Alitazama mashine, akanitazama mimi. "Sasa mathe, hii si ni ya mbio?"

"Ni ya mbio."

"Ndio nashangaa," akasema, akaenda zake.

Kwenye mteremko wa kushuka Subukia nilifuata amri za Baba neno kwa neno: thelathini na tano, hamsini na tano, arobaini, hamsini. Kule chini polisi alikuwa amesimama akinitazama muda wote huo. Alininyooshea mkono.

"Mathe, nimekuona kutoka juu. Unaenda mbio, pole, mbio, pole. Umekunywa nini?"

"Chai, afande. Na mkate."

Nilimweleza habari ya injini mpya. Nilidhani atacheka. Kumbe yeye ana pikipiki nyumbani inayotoa moshi tangu Krismasi, na mafundi wamemzungusha. Akauliza huyo mzee anayejua injini yuko wapi. Nikampigia Baba, nikampa simu, na wakaongea karibu robo saa kwa krediti yangu. Nilisikia moshi wa bluu na moshi mweusi vikitenganishwa vizuri. Mwisho Baba alimuuliza swali, kwa sababu polisi alinigeukia akanikagua juu chini.

"Mzee, huyu binti yako yuko pole kabisa," akasema kwenye simu. "Yuko pole mpaka anasumbua trafiki."

Akanirudishia simu na kuniaga kwa heshima. Nilijua kule Bahati kuna mtu ametabasamu.

Subukia hadi Nyahururu

Subukia nilisimama injini ipoe, nikanywa chai na mandazi mawili makubwa. Niliporudi, vijana wa steji ya boda walikuwa wameizunguka pikipiki yangu. Mwenyekiti wao, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, aliniuliza kwa upole nimeandikishwa steji gani.

"Mimi si boda. Nashona yunifomu."

"Madam, riflekta ni ya boda, mwendo ni wa boda. Sisi hatukatai kina mama, lakini kuna utaratibu."

Tukiwa katika huo utaratibu, nilisikia pikipiki ikilia nyuma yangu kwa uzito. Mama mmoja wa rika la Baba alikuwa ameshapanda. Sijui alifikaje kwenye kile kiti cha juu na sketi ndefu namna ile. Alikuwa na mfuko wa njahi, yaani maharage meusi ya mzazi, mgongoni na kuku wawili, miguu imefungwa pamoja, kwenye mapaja.

"Twende," akasema.

Nikamweleza pia kwamba mimi si boda. Akasema hilo analiona, na ndiyo sababu amepanda. Wale vijana wakacheka. Mwenyekiti akaniambia mama huyu amekuwa hapo tangu saa mbili asubuhi, amekataa kila mmoja wao.

"Hawa wanakimbia," mama alisema. "Na matatu zinanitapisha. Wewe nimekuona ukishuka ule mlima. Nimehesabu, umepitwa na kila kitu, hata baiskeli ya maziwa. Nikasema, Mungu amejibu."

Msichana wake alikuwa amejifungua Nyahururu, mjukuu wa kwanza, siku tisa zilizopita. Siku tisa na nyanya hajamwona mtoto. Njahi za mzazi zilikuwa zimechambuliwa, kuku wamenona, na yeye anakuja stejini kila asubuhi na kurudi nyumbani nao jioni.

"Nimeketi hapa nikingoja mtu ambaye naweza kumwamini," akasema, na hapo akanimaliza.

Wanakwaya, mnajua mimi si mtu wa kulia. Lakini nilimwona Baba kwenye lile baraza, amevaa viatu vya kutoka na haendi popote. Nikajua pia kwamba nikimbeba mama huyu, kwenye mlima mkali kuliko yote ya safari, na injini ambayo bado ni mtoto, naweza kuwa nimemkosesha Baba dada yake. Nilisimama pale nikichezea funguo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi la mkuu nililisikia vizuri sana, kwa masikio yote mawili.

Nikampa helmeti yangu ya pili, nikapanda.

Tulipanda ule mlima kwa gia ya pili, na pale pabaya kwa ya kwanza. Kila nikisikia injini inalalamika nilisimama kando, tukashuka, tukangoja. Tulisimama mara nne. Mama hakulalamika hata mara moja. Aliniimbia pambio mbili, zote kwa sauti ya chini kuliko noti zake, na akaniuliza kwa nini sijaolewa tena. Kuku walikuwa wamebanwa kati yetu, na mmoja alinidonoa mgongo kila tulipopita shimo.

Kwenye kibao cha ikweta, jamaa wenye beseni na karai walitukimbilia watuonyeshe maji yanavyozunguka upande huu na upande ule.

"Maji yazunguke mimi nisimwone mjukuu?" mama akawauliza. "Yatazunguka nikirudi."

Tulifika saa nane mchana. Kabla sijaweka stendi alikuwa ameshamchukua mtoto mikononi mwa binti yake, helmeti bado kichwani, na mtoto akalia kwa kuona ule uso wa kioo. Nililishwa mukimo na kuku mpaka nikashindwa kufunga zipu ya koti. Mama alinitambulisha kwa majirani kama boda wake. Nilipokataa malipo, mkwewe aliomba wafanye maombi basi, wakaiwekea pikipiki mikono, watu saba, wengine kwenye egzosi ambayo bado ilikuwa moto. Amina ya huyo wa egzosi ilitangulia ya wenzake.

Nyahururu hadi Gilgil

Hii sehemu sina mengi, kwa sababu nilikuwa na hatia, na hatia haioni mandhari. Nilisikiliza injini tu. Ikibadilisha sauti kidogo nilijiambia, hiyo ni ile kona ya tatu ya mlima wa Subukia. Ol Kalou ilininyeshea. Nilijibanza kwenye kibanda cha muuza viazi vya kukaanga, na mwenye kibanda akanipa habari zote za bei ya mbegu. Nilipotoka, mkokoteni wa punda ulinipita kwenye mteremko. Punda mwenyewe aligeuka kuniangalia. Mwenda pole hajikwai, ndio, lakini hakuna aliyesema anapitwa na nani.

Gilgil nililala kwa binamu yangu, ambaye aliuliza kwa nini mgongo wangu una vidonda vidogo vidogo. Nikamwambia ni habari ndefu.

Gilgil hadi Bahati

Asubuhi nilipita Kikopey nikasimama kula nyama, ingawa ilikuwa saa nne tu. Kijana wa jikoni aliona riflekta, akanijia mbio na mfuko uliofungwa vizuri.

"Umekawia sana. Kilo tatu mbuzi na ugali wa watu sita. Wanangoja Lanet."

"Mimi nimekuja kula."

"Utakula ukirudi. Watu wana harusi."

Ilibidi nivue riflekta ndio anipe kiti. Nilipovua tu, sauti yake ikabadilika, akaniita madam, akanifutia meza. Nilikula robo kilo na kachumbari nikiwaza juu ya hiyo riflekta. Halafu nikaivaa tena, maana Baba angeuliza.

Mita ilifika mia tano karibu na Mbaruk. Nilisimama kuiangalia, na magari mawili yalisimama kuniuliza kama mashine imekufa.

Baba alikuwa langoni. Nadhani alinisikia kutoka barabara kubwa. Hakunisalimia. Aliniambia nizime, niiweke wima, nifungue skrubu ya chini oili ikiwa bado moto. Alikuwa ameandaa karai na leso nyeupe ya Jumapili. Oili ikatiririka, kahawia, na ving'arang'ara vya chuma. Akaipitisha kwenye leso, akasugua matone kati ya vidole, akanusa. Nikasimama kama niko kwa mwalimu mkuu.

Halafu akainama, akabonyeza mnyororo kwa kidole gumba.

"Umelegea," akasema. "Mnyororo mpya haulegei hivi kwa mtu mmoja."



Akapapasa chini ya kiti cha nyuma, polepole, kwa vidole vinavyoona kuliko macho yake siku hizi. Akatoa nyoya la kuku, jekundu, refu. Akaliweka juu ya leso karibu na oili.

"Wangari, ulibeba kuku peke yake, ama na mwenyewe alikuwepo?"

Nikamwambia yote. Mama wa stejini, siku tisa, njahi, mlima. Nilimwambia nilijua masharti na nikayavunja, na kwamba kama oili imeharibika kwa sababu yangu basi nitamwambia Tata mimi mwenyewe. Baba alikuwa amegeuza uso upande wa banda la ng'ombe.

"Gia gani?"

"Ya pili. Pabaya ya kwanza."

"Uliilazimisha?"

"Hapana. Ikilalamika tulishuka tukangoja. Mara nne."

Akachukua leso tena, akaielekeza kwenye mwanga, ingawa sijui alikuwa anaona nini.

"Huyo mama, alikuwa mzito?"

"Wastani, Baba."

"Trekta mpya ya shamba," akasema, "mzungu alituambia saa hamsini za kwanza, mtu mmoja tu juu. Siku ya tatu nilimbeba mamako kutoka mtoni na mitungi yake miwili. Alikuwa ananiogopa. Nikaenda pole pole sana ili asiruke." Akaikunja leso vizuri, na oili ndani, akaitia mfukoni mwa shati. "Ile injini ililima miaka ishirini. Mimina oili mpya, Wangari. Hii nyingine tupake nguzo za ua, mchwa wamezidi."

Nikauliza, "Kwa hivyo imekupendeza?"

"Nitafutie helmeti," akajibu.

Bahati hadi Kihoto

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, na Baba kubebwa ni kazi. Kwanza alivaa koti la harusi ya ndugu yangu. Pili, alikataa kunishika kiunoni, akashika chuma cha nyuma kama yuko kwenye trela la ngano. Tatu, aliweka kanuni: kidole kimoja begani, punguza gia, viwili, ongeza, kofi, simama. Mpaka Lanet bega langu lilikuwa limefundishwa. Alikuwa sahihi kila mara, na hilo ndilo liliniudhi.

Kwa kitabu cha pikipiki nilikuwa na ruhusa ya themanini sasa. Baba akasema sitini. Tukapita Mbaruk kwa sitini, tukapita Kikopey kwa sitini, na yule kijana wa nyama akasimama kando ya barabara akatutazama, mkono nusu juu. Malori yalitupita, basi la shule likatupita, watoto wakatucheka dirishani. Baba alikaa wima kama askofu, hakujali.

Mbele ya Gilgil, pikapu ya kabichi ilitupita. Nyuma yake ikaja boda iliyofunga kitanda, na juu ya kitanda ameketi mwenyewe, amekunja nne. Ni yule yule wa sofa. Bado alikuwa anahama. Akanitambua, akanipungia mkono kwa huruma ile ile, halafu akampungia na Baba.

Vidole viwili vikagonga bega langu.

"Wangari," Baba akasema kwenye sikio langu, "hii sasa ni aibu. Fungua."

Nikafungua. Injini ikaimba, haikukohoa, haikutetemeka. Tulimpita mwenye kitanda, tukapita kabichi, na kwa mara ya kwanza Baba aliachilia kile chuma akanishika mabega kwa mikono yote miwili. Sikuthubutu kugeuka kumwangalia. Nilimsikia tu akicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mama yetu atutoke.

Kihoto tulifika kabla ya chakula cha mchana. Tata Njoki alikuwa ameketi nje ya chumba chake, anachambua sukuma wiki, miguu juu ya kigoda. Aliona pikipiki nyekundu ikiingia uani akaanza kutufukuza kwa kisu, akasema hajaagiza kitu. Kisha Baba akavua helmeti.

Kisu kilianguka kwenye sukuma. Walishikana kwa muda mrefu, yeye ameketi na Baba ameinama, na hakuna aliyesema nani alipaswa kuja kwa nani. Mimi nilijifanya naangalia mnyororo.

Baadaye Tata alifuta macho kwa kitenge, akaniangalia mimi, akaiangalia pikipiki.

"Gitau, wewe uliyekataa kubebwa na dunia nzima. Nani amekuleta?"

"Nimejileta," Baba akasema, akitengeneza kola. "Maitu alikuwa anashika hendeli tu."